Siku Waliyohamisha Kopo Langu la Kutemea Kahawa

Leo nimeumbuka. Nimeumbuka mbele ya watu ishirini na wawili, na mmoja wao ni yule ambaye hatumtaji.

Feza, Mwadi, barua hii nampa dereva wa lori la mkate awaletee mkononi huko Kakanda. Msimpe mtu mwingine aisome. Mkimaliza, itieni kwenye mbabula pamoja na makaa. Sifanyi mzaha.

Mnamkumbuka Mujomba Rajabu, kaka yake mama, yule wa Kivu ambaye hata akisalimia ni kama anagomba? Yuko kwangu hapa Panda wiki ya pili sasa. Yeye na wenzake ni wakulima wadogo, kila mmoja na mibuni yake michache mlimani, na wameungana katika kooperative. Wanachuma buni nyekundu tu, zilizoiva. Wanazimenya, wanaziosha, wanazianika juu ya vitanda vya matete, na wanawake wanakaa kutwa wakichagua punje moja moja. Halafu mchuuzi anakuja, anazimwaga gunia moja na takataka za watu wengine. Mujomba amechoka na mambo hayo. Amepanda meli, amepanda treni, na kifurushi cha kahawa mapajani, ili kampuni ya migodi ikubali kununua moja kwa moja kwao kwa ajili ya kantini zake. Na kwa kuwa mimi ni mpishi wa nyumba ya wageni ya kampuni, nani wa kumfungulia mlango? Mimi. (Kiherehere changu mnakijua.)

Akasema lazima nijifunze kuionja, ili siku mkuu wa kantini za kampuni atakapokuja kuijaribu tuwe wawili. Jamani, kuonja kahawa ni kazi! Unaikaanga, unaitwanga, unaimwagia maji ya moto, unasubiri. Unachota kijiko kimoja, unakivuta kwa kelele mpaka majirani wasikie. Halafu unatema.

"Vuta na nguvu!" alikuwa akinipigia kelele. "Ifike huku nyuma ya ulimi! Sasa tema. Tema, mutoto! Kule kwetu tunaonja vikombe makumi ine kwa siku. Ukimeza byote, roho itatokea mu masikio."

Nikimeza, kijiko cha mbao kinatua mkononi. Kushoto kwangu, karibu na kiwiko, kulikuwa na kopo la maziwa ya unga, ndilo la kutemea. Vuta, geuka kushoto, tema. Siku tisa mfululizo! Nikazoea hata nikaharibika. Juzi nilitema supu mezani kwangu, na mume wangu Kabamba akaniuliza kama nina mimba.

Sasa leo. Mpango ulikuwa mdogo tu: saa tatu asubuhi, jikoni, watu wanne. Mkuu wa kantini, karani wake, Mujomba na mimi. Basi.

Saa tatu kasoro nikasikia magari. Sio moja. Nikachungulia dirishani. Komisere wa zoni, mkubwa wa serikali hapa kwetu, alikuwa amesikia kwamba kahawa ya wananchi inaletwa Panda, akaona ni jambo la kufanyia sherehe. Amekuja na kamati nzima ya chama! Wanaume wamefunga abakosi, makoti yale yasiyo na tai, mpaka kooni, akina mama wamevaa vitenge vyenye uso wa Mkuu wa Nchi mbele na nyuma. Na mwisho kabisa, akitembea peke yake, yule bwana wa miwani myeusi. Kazi yake kila mtu anaijua na hakuna anayeisema. Jikoni hawakuenea, tukahamia sebule ya wageni na meza yetu, kopo na vyote; yeye akakaa karibu na mlango.

Mara ya mwisho nilimwona mtaani kwetu, siku walipomchukua Baba Ilunga aliyekuwa akiuza karanga. Kosa lake alifunga karanga kwa ukurasa wa gazeti, na ukurasa ulikuwa na picha ya Mkuu wa Nchi. Alirudi baada ya miezi mitatu. Hauzi tena karanga. Hauzi kitu chochote, anakaa tu. Kwa hiyo nilipomwona bwana yule anakunja nne sebuleni, niliogopa kabla sijakosa.

Wakati nasubiri maji yachemke, mtu wa protokoli akapita kukagua meza.

"Hii boite ni ya nini?"

"Ya kutemea, papa."

Akalishika kopo langu kwa vidole viwili, kama panya aliyekufa, akalisukuma chini ya kabati. Pakabaki pengo. Akatafuta cha kuweka. Akatazama ukutani, akaishusha picha ya Mkuu wa Nchi yenye fremu ya kioo, akaisimamisha pale pale, kushoto, ili na yeye ahudhurie.

Nilimwona. Nawaambia kweli, nilimwona kwa macho yangu mawili, nikafikiri: imependeza. Macho yaliona, mwili haukuambiwa.

Zikafuata nyimbo. Zikafuata hotuba. Komisere alieleza kwamba kila punje ya kahawa imeota kwa sababu ya Mkuu, na Mujomba, ambaye mibuni yake aliipanda babu, alikuwa anaitikia kwa kichwa. Mwishowe Komisere akanigeukia mimi, akaniita mwananchi kwa Kifaransa chao.

"Sitwayene, onja wa kwanza. Utuonyeshe vile bakulima banaonjaka."

Nikachota. Nikavuta, fyuuuu! Na ilikuwa tamu, wenzangu, ilikuwa na ladha ya chungwa kwa mbali, na kwa kitambo kidogo nikasahau kabisa nani yuko chumbani. Nikageuka kushoto.

Nikatema.

Nilimtemea Mkuu wa Nchi. Usoni! Kahawa ilianzia kwenye kofia ya chui, ikapita juu ya miwani, ikateremka shavuni, ikafika kidevuni na kuanza kudondoka juu ya kitambaa cha meza. To. To. To.

Nilishaiona jeep inakuja kunichukua. Niliona vyombo vyangu vimetupwa nje ya nyumba ya kampuni, Kabamba anaitwa kutoka kiwandani, watoto wanne wanauliza mama yuko wapi na hakuna wa kuwajibu. Nilitaka kuifuta picha, lakini nilikuwa na aproni ya jikoni, ina mafuta ya samaki. Kumpaka Mkuu mafuta ya samaki si kosa la pili hilo? Nikabaki nimesimama, kijiko juu. (Kama nataka kuongoza kwaya.)

Bwana wa miwani akasimama.

Ndipo Mujomba Rajabu akapaza sauti ile ile, ila leo ilikuwa inatetemeka. "Mukubwa amekunywa!"

Watu wote wakamgeukia.

"Sitwayen Komisere, kule kwetu ku mulima, kahawa ya kwanza haiko ya bantu. Iko ya chefu. Bankambo yetu balikuwa banamupulizia mu uso, njo heshima. Kunywa mbele ya chefu, ile njo matusi!"

Uongo! Uongo mtupu! Nimezaliwa katika ukoo ule, sijawahi kumwona mtu akipuliziwa chochote. Lakini mnajua siku hizi serikali inavyotaka kila jambo liwe la mababu, wanaita otantisite. Komisere aliitazama picha. Akamtazama Mujomba. Akamtazama bwana wa miwani, na hapo jasho likamtoka kooni juu ya abakosi, maana na yeye alikuwa anaogopa. Sherehe ni yake. Watu amewaita yeye. Picha imewekwa pale na mtu wake. Likiwa tusi, ni tusi la nyumba yake.

Akakohoa. "Voila," akasema. "Mumeona? Njo otantisite yenyewe!"

Wakapiga makofi. Nikaanza kupumua. Kumbe bado! Mama mmoja wa kamati, Mungu amsamehe, akauliza kwa heshima zote, "Basi weye, Komisere, hautamupatia yake?"

Komisere alikichukua kijiko mkononi mwangu. Akavuta kidogo, akafumba macho, akapuliza. Pfu! Kidogo tu, kama anazima mshumaa.

Baada ya hapo nani angekataa? Walipanga mstari. Nawaapia, walipanga mstari kwa vyeo vyao, wakamtemea Mkuu wa Nchi mmoja baada ya mwingine, hakuna aliyecheka, hakuna aliyeinua macho. Mama mmoja alifanya ishara ya msalaba kwanza. Mkuu wa kantini alipaliwa, yake ikatokea puani. Wa mwisho alikuwa bwana wa miwani. Aliivua. Ana macho madogo mekundu, ya mtu asiyelala. Akapuliza, akaivaa tena.

Waliondoka bila wimbo. Mkuu wa kantini alimwambia Mujomba mlangoni, akiwa tayari anakimbia, "Leta kahawa yenu, leta yote, tutakamata!" Mujomba alicheza peke yake mpaka jikoni. Mimi nilikaa chini sakafuni.

Nikachukua kitambaa safi, nikaanza kuifuta picha, naomba radhi kwa kila jicho. Nikasikia viatu. Mlango ukafunguka, ukafungwa. Ni yeye. Peke yake.

Nilisoma shahada. Halafu, kwa sababu mume wangu ni Mkatoliki, nikaongeza Salamu Maria. (Siku kama ya leo huwezi kujua ni nani aliye karibu.)

Akaja mpaka mbele yangu. Akasema kwa sauti ya chini sana:

"Mama. Minye nilipuliza sawa bengine?"

"Ndiyo, papa."

"Yangu ilifika? Ao ilianguka ku meza?"

"Ilifika, papa. Ku shavu."

"Kama muntu anakuuliza, leo ao kesho, utasema vile?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Mtu huyu ambaye mtaa mzima unamkimbia alikuwa ananiogopa mimi, mpishi, mwenye kitambaa mkononi.

"Nitasema vile, papa."

Akashusha pumzi. Akazunguka kidogo, akaona kifurushi. "Ile kahawa iko muzuri," akasema. "Unipatie kiloko tu, kidogo, ya bibi yangu."

Nikachota vizuri vikombe viwili vya kahawa iliyotwangwa. Nikatafuta cha kufungia. Mezani palikuwa na gazeti la jana, limelala kifudifudi, hatukujua ukurasa wa kwanza una nini. (Mnajua una nini.) Nililitazama. Na yeye alilitazama. Hakuna aliyelisogelea.

Akafungua mfuko wa abakosi yake kwa vidole viwili. "Tia humu," akasema.

Nikammwagia kahawa mfukoni. Akaondoka ananukia mlima wa Mujomba mpaka getini.

Kopo langu nimelirudisha mahali pake, nimelifunga kwa waya kwenye mguu wa meza. Na nyinyi, nawaomba, msicheke. Lakini kama mko hapo na chai na mmeshindwa kabisa kujizuia, mezeni kwanza, na mtazame nani ametundikwa kushoto kwenu.