Maji Machungu ya Chini ya Sufuria

Jumanne, 4 Machi
Shule ya mjukuu wangu inatafuta mgeni rasmi wa maonyesho ya sayansi. Kiti kimoja, wazee wanaokimezea mate wawili: mimi, mwalimu wa kemia mstaafu, na shemeji yangu Dozi, mfamasia mstaafu, anayedhani kuhesabu vidonge ni sayansi. Nitampelekea mwalimu mkuu chumvi nitakayoitoa baharini kwa mikono yangu. Dozi atanitambua.

Jumatano, 5 Machi
Nimechemsha lita ishirini za maji ya bahari katika sufuria kubwa ya mke wangu. Kila lita ya maji ya bahari hubeba gramu kama thelathini na tano za chumvi. Kwanza ilitua chokaa, nikachuja. Kisha fuwele nyeupe, nikaziopoa. Yakabaki maji mazito, machungu kama shubiri: magnesiamu hiyo. Nikamweleza mke wangu kwamba bahari ikizidi chumvi au ikipungua, uwiano wa viambato vikuu haubadiliki. Akauliza, na gesi yake ya kupikia nayo haibadiliki? Akaniamuru nimwage yale maji na kusugua sufuria. Sufuria nimesugua. Maji nimetia chupani. Msomi hamwagi magnesiamu.

Alhamisi, 6 Machi
Nusu ushindi. Mwalimu mkuu kalamba chumvi, kaisifu. Ila katuita wote wawili kesho, maonyesho yanapofunguliwa. Atakayewahi ndiye atakayekalia kiti. Jioni Dozi kaja kuniringia kwamba tangu azaliwe hajachelewa popote. Akaiona chupa. Nikamweleza faida ya magnesiamu kwa misuli, dakika arobaini tu. Akasema, shemeji, nimeuza dawa miaka thelathini, leo unifundishe maji? Akanywa glasi nzima, kunikomoa. Nilimhakikishia kitaalamu kwamba hayana madhara.

Ijumaa, 7 Machi
Kiti nimekikalia! Dozi hakutokea. Mkewe kapiga simu: tangu alfajiri mzee yuko chooni, na jina langu linatajwa humo kwa sauti. Mke wangu akanikumbusha alivyosema nimwage. Nikamfafanulia kwamba kosa si la maji. Tumbo la mfamasia limeharibiwa na vidonge.

Nimehutubia saa moja na nusu. Watoto walitulia kabisa, wengine hata macho wamefumba. Kesho nafunga maonyesho kwa hotuba ndefu zaidi, na miguu inauma kwa kusimama. Misuli, bila shaka. Nimejimiminia glasi kutoka ile chupa, nimeimaliza. Sina wasiwasi, mimi nimesoma kemia.