Jina la Mbwa Kwenye Kioo cha Gari la Mgeni

Msambweni,
4 Januari, 1965

Kwa Bwana Mwero Dzombo,
Mwenyekiti, Kamati ya Mapokezi ya Mgeni wa Jamhuri.

Bwana Mwenyekiti,

Shikamoo. Nakuandikia kama raia anavyomwandikia kiongozi wake. Kwamba wewe ni mwamu wangu, kaka mkubwa wa mke wangu Mbodze, na kwamba juzi tumekula wali sahani moja, hayo ni mambo ya nyumbani na hayaingii katika barua hii.

Kwanza natoa shukrani. Kabla ya kamati yako kulihudumia gari langu, vioo vyake vilikuwa na mkwaruzo mkubwa mmoja tu, nami kila siku nilikuwa nikiuona. Sasa siuoni tena. Siuoni mkwaruzo, siuoni mnazi ulio kando ya njia, wala simuoni mtu anayenipungia mkono akiwa upande wa kushoto. Mkisema mlikuja kuondoa, kweli mmeondoa.

Pengine barua hii itasomwa na watu wasioijua habari yenyewe, kwa hivyo naieleza. Gari ni lile Ostin jeusi nililoachiwa na mzungu wa shamba la minazi kule Diani, ambaye nilikuwa dereva wake. Siku walipokuwa wakirudi kwao, mkewe aliketi kiti cha nyuma, akavua pete yake ya almasi, akachora neno moja kwenye kioo cha mlango wa kushoto: TOBY. Tobi alikuwa mbwa wao, aliyekufa mwaka uliotangulia, na pale ndipo alipokuwa akikaa tukienda safari. Yule mama alilia mpaka kivuko cha Likoni. Mimi neno lile sikuligusa. Halikumdhuru mtu, na msiba wa mwenzio huuchezei.

Sasa malalamiko yangu.

1. Mwezi wa Novemba kamati yako ililichagua gari langu limchukue mgeni mheshimiwa kutoka Mombasa siku ya Jamhuri. Nilifurahi. Mbodze alifurahi zaidi, akafua vitambaa vya viti mara mbili. Ulikuja na wajumbe wanne, mkalizunguka gari kama mnanunua ng'ombe, ukaweka kidole kwenye kioo na kuuliza, "Hii ni nini?"

Nikasema kweli, na hilo ndilo kosa langu. "Ni jina la mbwa."

"Mgeni wa serikali akae chini ya jina la mbwa?"

Nikakushauri kwa adabu kwamba kioo kishushwe tu. Jina litaingia ndani ya mlango, na mgeni atapata upepo. Ukanijibu maneno ambayo nimeyaandika ukutani kwangu: "Mwamu, ukoloni hauteremshwi. Unafutwa." Wajumbe wakapiga makofi. Nami nikapiga, kwa kuwa nilikuwa sijajua wanapigia kioo changu.

2. Mlimleta fundi Kavumbi wa Ukunda. Yeye ni fundi wa baiskeli, lakini mlisema fundi ni fundi. Alipaka dawa ya meno na kusugua kwa kitambaa laini tangu asubuhi hadi adhuhuri. Simlaumu, kazi yake ilikuwa safi kupita kiasi. Uchafu wa miaka ulitoka, kioo kikang'aa, na ile dawa nyeupe ikajaa ndani ya mikwaruzo. Neno ambalo zamani ulilisoma ukiwa umeinama, sasa lilisomeka kutoka upande wa pili wa barabara. Wanafunzi waliokuwa wakipita walilisoma kwa sauti. Mmoja akabweka.

3. Ndipo nikajipeleka mwenyewe kwa Abdurahman, sonara, ambaye hung'arisha dhahabu kwa unga mwekundu. Mzee yule alifanya kazi siku mbili. Alilowesha unga, akasugua taratibu kwa kipande cha ngozi, akazungusha, akapumzisha kioo kisipate moto, akasugua tena. Mikwaruzo midogo midogo ya mchanga na matawi ilitoweka yote, wallahi. Kisha akapitisha ukucha juu ya lile neno, ukucha ukakwama. Akaniambia, "Mwanangu, mkwaruzo ambao ukucha hauukamati, huo hutoka. Unaokamata ukucha umeingia ndani. Ukitaka kuutoa huo, itakubidi uondoe kioo chote kinachouzunguka. Uache."

Nilikuletea maneno haya. Ulisema Abdurahman ni mtu mwema lakini hajaamka. Bwana Mwenyekiti, yule mzee huamka alfajiri kabla ya muadhini.

4. Siku mbili kabla ya sherehe mlikuja wenyewe, wewe na wajumbe wanne, na majani ya msasa, yale ya kulainishia mbao, na ndoo ya mchanga wa pwani uliolowa. Nilikuwa Kikoneni kwenye mazishi. Mbodze alikwambia, "Kaka, mngoje mwenye gari." Ukamwambia gari sasa ni la wananchi. Mlisugua kwa zamu, mkiimba. Niliporudi jina lilikuwa halipo, nakiri. Kioo kizima kilikuwa kama maji yaliyooshewa mchele.

5. Kioo cha kushoto kilipokuwa cheupe na cha kulia kikabaki kikionyesha, mjumbe mmoja akasema mgeni ataona tuna upendeleo. Basi mkasugua na cha kulia, ambacho hakikuwa na jina la mbwa wala la paka. Kisha ukasema cha mbele nacho kifanane na wenzake. Mlikuwa mmemaliza nusu nzima ya upande wa abiria wakati nilipofika na kulala juu ya boneti. Katika kumbukumbu za kamati imeandikwa kwamba "mwenye gari alitoa ushirikiano kwa mwili wake." Nilikuwa nalia, Bwana Mwenyekiti. Gari lile ndilo kazi yangu, na ndilo jembe langu.

6. Mchanga uliingia katika mifereji ya vioo, navyo vikakwama juu. Havishuki hata ukining'inia kwenye mkono wa kuvishushia. Kwa hivyo siku yenyewe mgeni wetu alifungiwa ndani, katika jua la Desemba, ndani ya vioo visivyoonyesha.

Wewe ulikuwa jukwaani, kwa hivyo hukujua yaliyotupata njiani. Watu walijipanga kuanzia kwenye miti ya mivinje mpaka uwanjani. Walitafuta mgeni hawakumwona. Mtu pekee aliyeonekana ndani ya gari, kupitia nusu ya kioo cha mbele iliyosalia, alikuwa mimi. Basi wakanipigia mimi vigelegele. Kina mama wa Msambweni, wanaonijua tangu natembea bila viatu, walinirushia maua ya asumini. Ningefanya nini? Nikawapungia.

Nyuma yangu mgeni alivua miwani, akaifuta kwa leso, akaivaa. Akaivua tena. Mara ya tatu akaniuliza kwa sauti ndogo, "Dereva, hao wanaoshangilia, wewe wawaona?"

"Nawaona, mheshimiwa. Ni wengi sana."

Akafumba macho, akayafumbua. Kisha akasema, "Mamangu alipofuka akiwa na umri huu wangu."

Bwana Mwenyekiti, nilitaka kumwambia ni kioo. Lakini ulikuwa umeniapisha mbele ya wajumbe nisitamke neno kioo mbele ya mgeni. Nikaendesha, naye akiisoma Fatiha nyuma yangu. Nilipomfungulia mlango pale uwanjani alinishika mkono kwa nguvu, akainua uso, akaliona jua, akaona bendera, akakuona wewe na suti yako. Akapiga ukelele, "Alhamdulillahi! Naona!" Umma wote ukaitikia kwa shangwe, na wewe ukaandika katika ripoti yako kwamba mgeni aliguswa na maendeleo ya Msambweni.

Kwenye safari ya kurudi nilimweleza kila kitu, kiapo nikakivunja. Alicheka mpaka akalia. Kisha akaacha kucheka, akauliza, "Na huyo mbwa alikuwa na kosa gani?" Nikamwambia nitaiuliza kamati. Naomba jibu la kamati kwa maandishi.

Kutokana na hayo, nadai kwa heshima:

Kwanza, kamati iniletee vioo vitatu vipya kutoka Mombasa, ivitie yenyewe, na wakati wa kuvitia Bwana Mwenyekiti awe kisiwani Wasini au mbali zaidi.

Pili, majani ya msasa yarudishwe kwa maseremala, wenye elimu nayo.

Tatu, Abdurahman aombwe radhi hadharani, na atambuliwe kuwa ameamka.

Nne, na hili silegezi: wewe mwenyewe uketi kiti cha nyuma, vioo juu, nami nikupeleke mpaka Kikoneni na kukurudisha, saa saba ya mchana, ili kamati ipate uzoefu.

Nisipopata vioo vyangu kabla ya mwezi huu kwisha, nitapanda mpaka kwa wakubwa huko Kwale, na hata huko sitanyamaza. Sitalegea, wala sitapokea udhuru, chai wala kuku.

Nisalimie shemeji yangu, na watoto wote mkubwa kwa mdogo. Wasalimie wajumbe wanne, mikono yao ikiwa imepoa. Nyumbani kwangu sote ni wazima, ila gari.

Ni mimi, raia wako mwenye uchungu na macho mazima,
Randu Mramba.

Baada ya kutia sahihi: Mbodze ameingia sasa hivi akitoka kwenu, nami naongeza haya kwa haraka kabla bahasha haijafungwa. Anasema binti yako Chiku, anayeolewa Ijumaa ya wiki ijayo, amemwambia shangazi yake kwamba hapandi gari lolote isipokuwa langu, kwa kuwa ndilo gari pekee katika pwani hii ambamo bibi harusi hupita katikati ya mji na asionwe na mtu mpaka afike. Hata wale jamaa wa Kikoneni waliofiwa watafanya harusi mwezi ujao, nao wamekwisha kuniuliza, na watu wa Shimoni wametuma salamu. Basi yote niliyoandika hapo juu uyafute. Vioo vipya sivitaki, ukivileta navirudisha. Lakini kioo cha nyuma kabisa bado kinaonyesha kila kitu, na Chiku ameona aibu. Tafadhali njooni Jumatano, wewe na wajumbe wote wanne, na ndoo ijae. Majani ya msasa yawe mabichi, yale ya mara ya kwanza yalikuwa makavu na yalisugua kidogo mno.