Nati ya Tano

Jumatano, 5 Juni
Pancha! Gurudumu la nyuma, mlangoni kwangu mwenyewe, Bonge mgongoni analia. Nati nne zimetoka kwa adabu. Ya tano inazunguka tu, na boliti yake inazunguka nayo, kama watu waliokula njama. Nimezungusha spana mpaka mkono umekufa ganzi. Haitoki, haikaziki. Na Jumamosi Mama anatoka hospitali! Nimemwapia nitamfuata kwa gari langu, asipandishwe tena kwenye gari la wifi. Safari iliyopita wifi alimwuliza njia nzima kama ameshagawa vyombo vyake.

Alhamisi, 6 Juni
Nimemwagia nati mafuta ya kupikia. Sasa inazunguka vizuri zaidi. Baba Bonge ameuliza ni nani aliyeikaza hivi. Nikamwambia chakula kinapoa. Basi, ni mimi. Siku ile naikaza nilipanda juu ya spana nikaruka, Bonge akacheka, nikaruka tena ili acheke tena. Mtoto mwenyewe hachekicheki ovyo.
Wifi kapiga simu. Eti kasikia gari langu limelala, nisihangaike, yeye ndiye atakayemchukua Mama. Nikamjibu asante wifi, gari linapumzika tu. Natamani na mimi nipumzike.

Ijumaa, 7 Juni
Fundi kaja. Kasema boliti imelegea kwenye tundu lake huko nyuma. Mmoja alisukume gurudumu nje kwa mtaimbo ili boliti ibanwe, mwingine afungue. Nikaning'inia kwenye mtaimbo. Wapi! Fundi akaniuliza, kwa upole kabisa, kama hapa nyumbani hakuna mtu mwenye mwili.
Hapo hapo wifi akaingia getini, gauni jeupe, kaja kutoa pole. Nikamkumbatia. Nikamwambia wifi yangu kipenzi, hebu kalia hiki chuma kidogo, ni kwa ajili ya Mama. Akakalia. Chuma kikalia kwa uchungu, fundi akazungusha, nati ikatoka! Na wifi akatoka nayo, chali, kwenye beseni la grisi la fundi. Kasema nilimpangia. Nimeapa sikumpangia. Ningempangia saa ngapi, na usingizi huu?
Fundi kaziba pancha, kaweka boliti mpya, kanikazia macho: nati hukazwa kwa mkono, ikishika, acha. Usipande. Nikasema nimesikia, mwanangu si kiziwi, wala mimi.

Jumamosi, 8 Juni
Mama yuko nyumbani. Kaja kwa gari langu, kiti cha mbele, kasinzia njia nzima mdomo wazi, hakuna aliyemwuliza vyombo. Nilikaribia kulia, ila nilikuwa naendesha.
Jumatatu arudishwe kubadilishwa bandeji. Kwa hiyo alipolala nikatoka kuzipitia nati. Fundi kazikaza, sikatai, lakini mkono wa mtu una kikomo. Bonge macho kodo, kanitazama mimi, katazama spana. Nikapanda. Karuko kamoja tu, kwa usalama wa Mama.
Kacheka huyo!
Sasa ya tatu inazunguka na boliti yake. Nampigia wifi, nimjulie hali, nimwulize kama lile gauni limetakata.