Kioo Kilichogoma Asubuhi ya Kunyolewa Ndevu za Kaka

Enyi mlioketi, nanyi mnaotafuta pa kuketi, tulizeni vijiko vyenu vikombeni mnisikilize. Waliotutangulia walisimulia ngome zilizobomolewa na wafalme waliokimbia bila viatu. Mimi nasimulia jambo zito zaidi: jinsi fundi cherehani mmoja, mwanamke wa miaka hamsini na minane, mfupi wa kimo na mrefu wa ghadhabu, alivyopigana na kamera ya marehemu baba yake kuanzia saa tatu na nusu hadi saa tano kasorobo, mchana kweupe, mbele ya mashahidi watatu, na asishindwe. Ewe Ukweli, ushike ulimi wangu nisitie chumvi. Na nikitia, iwe ya kukolea tu.

Chanzo cha vita kilikuwa ndevu.

Kaka yake fundi, dereva wa malori aliyestaafu, alifuga ndevu miaka thelathini na mitatu, ndevu zenye enzi, zilizoshuka hadi kifungo cha tatu cha shati na kumeza vumbi la barabara zisizo na idadi. Mkewe alimkuta nazo siku ya posa, na hakuwahi kukiona kidevu cha mumewe hata kwa bahati mbaya. Sasa daktari alikuwa amegundua uvimbe shingoni, akaamuru ukatwe kesho yake, na shingo ifike hospitali ikiwa safi kama sahani. Kaka hakusema kwamba anaogopa. Alisema tu kwamba hanyolewi kabla ndevu hazijapigwa picha, tena kwa kamera ya baba.

"Simu si hii hapa," mkewe akasema.

Kaka akainuka nusu kitini kama amiri ahutubiaye majeshi. "Simu hiyo, mke wangu, juzi uliitumia kupiga picha nyanya zilizooza ili umwoneshe mwenye duka. Ndevu hizi hazitalala chumba kimoja na nyanya. Zimevuka mito, zimelala jangwani, zimeheshimiwa na askari wa mizani. Kama kesho nikienda halafu..." Akakatiza, akaketi. "Nataka kamera ya baba."

Kinyozi alikuwa ameshatandika kitambaa chake na kupanga mikasi mezani. Alitoa taarifa kwa upole kwamba saa tano ana bwana harusi anayemngoja, na bwana harusi hangojeshwi, anaweza kubadili mawazo.

Basi fundi akaitoa kamera kwenye mfuko wake wa ngozi, nzito kama tofali. Ndani yake mlikuwa na filamu iliyobakiwa na picha mbili. Akaibonyeza mara moja kuijaribu. Kamera ikalia kacha, na giza likashuka. Alipoweka jicho kwenye kitundu hakuona kaka, wala ndevu, wala kiti. Mkono wa kusogezea filamu nao ukakwama, haukwenda mbele wala haukurudi.

Likaitishwa baraza la vita.

"Igonge ubavuni," akashauri mke wa kaka. "Redio yetu haisemi mpaka ipigwe."

"Au ifungue mgongoni," akasema kinyozi, "tuone kilichokwama."

Fundi akasimama mbele ya meza kama simba jike mbele ya pango. "Wifi yangu, na wewe mwanangu kinyozi, sikilizeni. Nikiigonga, nitamgonga baba. Nikiifungua mgongoni, mwanga utaingia na picha thelathini na tano zitaungua, na humo mna harusi ya mpwa wangu. Cherehani ilipogoma sikuilaumu hata siku moja, nilitafuta uzi umenasa wapi. Leteni tochi."

Akaizungusha lenzi, akaitoa, kwani upande wa mbele filamu hulindwa na pazia lake, akachungulia ndani ya kinywa cha yule adui. Akamwona. Kioo kidogo kinachopaswa kulala mbele, kikipanda na kushuka kila picha ipigwapo, kilikuwa kimepanda kisishuke. Kilibanwa darini na kipande cha sponji kilichooza kwa uzee, kikageuka kitu cheusi kinachonata kama lami.

Fundi akachomoa sindano yake kuu, ile ya kushonea magodoro, akatanguliza upande wa tundu usiochoma. Wifi akashika tochi. Kinyozi akashika pumzi. Fundi akakipapasa kioo pembeni, kwani usoni kingekwaruzika, akakivuta kwa subira ya mtu anayefumua mshono wa gauni la mwenzake. Kikashuka, tap.

"Tumeshinda," akasema wifi.

"Bado." Fundi akakiinua tena kidogo kwa sindano, kukipima, nacho kikanasa palepale. "Umemwona? Adui hakimbii, anajifanya amekufa. Kinyozi, ile spiriti ya nyembe zako."

Akazungushia pamba kwenye sindano, akachovya, akafuta ile lami punje kwa punje. Pamba ya kwanza ikatoka nyeusi, ya tano ikatoka ya kahawia, ya tisa ikatoka karibu nyeupe. Jasho likamtiririka puani, wifi akalifuta kwa upindo wa khanga bila kuambiwa. Hatimaye akakiinua kioo, akakiachia, nacho kikashuka chenyewe.

Akarudisha lenzi, akavuta ule mkono, ukaenda laini hadi picha ya mwisho. Kitunduni akamwona kaka yake mzima mzima.

"Kaka, inua kidevu."

"Utajuaje kama nimekiinua? Kimo humu ndani."

Akacheka, na katikati ya kicheko kile kamera ikalia kacha, kioo kikapanda na kushuka. Ilikuwa saa tano kasorobo.

Kinyozi akafanya kazi yake haraka. Zile ndevu zikaanguka kwa mafungu, na chini yake kikatokea kidevu kidogo, cha duara, chenye kishimo katikati. Wifi akakitazama. Akamgeukia fundi, akatazama kidevu cha duara chenye kishimo katikati. Akaketi.

"Miaka yote hii," akasema polepole, "kumbe nimeolewa na wifi yangu."

Kaka akaenda hospitali, akarudi siku ya tatu na bandeji shingoni na hamu ya uji. Picha ilisafishwa, ikatoka, naye yumo anacheka.

Basi wenye kuandika tarehe za mataifa waiandike na hii. Hakuna mfalme aliyeanguka asubuhi ile. Kilianguka kioo kimoja, upana wa vidole viwili, na kikaangukia mahali pake.