Hedseti Tatu na Filimbi Yangu

Jumatatu, 9 Juni

Wote wanaisimulia vibaya! Kinyozi anaisimulia vibaya. Muuza magazeti anaisimulia vibaya. Hata mke wangu, ambaye siku hiyo alikuwa nyumbani anafua, naye ana ya kwake. Eti Jumamosi ndege ya Daktari wa Meno ilitua katikati ya ng'ombe kwa sababu mimi sikuisikia. Mimi! Niliyepewa jina la Sikio na marubani wenyewe! Miaka thelathini na moja nafukuza ng'ombe kwenye njia ya kurukia. Wengine husubiri mpaka waione ndege juu ya miti. Mimi huwa nimeshapuliza filimbi zamani.

Ukweli nauandika hapa, kurasa za nyuma za daftari la ndege, ambako hakuna anayefungua. Daktari alizima injini. Alikuja kimya kama mwizi wa kuku. Ng'ombe kumi na saba, na gurudumu likapita kati ya fahali na ndama. Kwamba mbwa wangu Meneja hakuwepo siku hiyo, hilo halihusiani kabisa.

Na Daktari je? Karani wa klabu alimwita kwenye redio mara tano: zunguka, usitue, kuna ng'ombe. Wapi! Hedseti yake, ile ya kuvaa kichwani inayomkinga na kelele za injini na kumletea redio masikioni, waya ulikatika akaufunga kwa uzi wa kusafishia meno. Daktari mzima! Fundi wa ndege, tunayemwita Spana, kasema walikutana viziwi wawili, mmoja juu mmoja chini, na waliosikia siku hiyo ni ng'ombe peke yao. Watu wakacheka. Nimemwandika huyo.

Mwenyekiti wa klabu katangaza: Ijumaa saa nne ataamua kama nirudishe filimbi. Nirudishe! Nikamwambia mwenye kosa ni hedseti. Tena mpya niichague mimi, maana cha sikio huchaguliwa na Sikio. Daktari ana foleni ya meno mpaka Alhamisi, kakubali haraka. Kaazima tatu kwa muuzaji, kaniletea na makatoni yake. Mwenye kuchagua hafukuzwi. Nimewakamata!

Jumanne, 10 Juni

Jaribio. Ndege hawawezi kuniwashia bure, kwa hiyo nimekwenda kwenye mashine ya kusaga ya shemeji yangu. Ile mashine inatikisa mpaka meno. Nimekaa kwenye gunia karibu na mkanda.

Ya kwanza, nyeusi, laini kama mto wa mtoto. Nikavaa. Mashine ikawa inavuma kwa mbali, kama nyuki ndani ya debe. Maajabu! Ya pili, ya kijani, nzito, inabana kichwa kama mtu anayekudai majibu. Nyuki wale wale. Ya tatu nyembamba, ya kuchomeka ndani ya sikio. Ilianguka mara tatu, shemeji kasema ni kwa sababu ya msitu nilionao humo. Nyuki tena!

Jambo moja la ajabu. Nilipoivua ya tatu, mvumo ukabaki ule ule mdogo. Yaani hedseti nzuri hata ukiivua inaendelea kufanya kazi! Hilo Spana halijui.

Halafu nikaona miguu yangu imezama kwenye unga mpaka ugokoni. Mfuko ulipasuka chini ya mdomo wa mashine. Shemeji anasema alinipigia kelele tangu mwanzo, kaniita kwa jina, kaniita shemeji, mwishoni kaniita mengine. Sikusikia hata moja. Nikamwambia asante, hizo ni alama kumi juu ya kumi. Kanifukuza na ufagio. Hana shukrani kwa sayansi.

Jumatano, 11 Juni

Spana kaja kuchungulia. Kasimama mlangoni pa kibanda changu, mikono nyuma, kama mkaguzi. Akauliza, mzee wetu, umefikia wapi? Nikasema zote tatu bora. Kacheka. Kasema zote tatu bora maana yake hujachagua.

Akaanza kunifundisha. Mimi! Kwamba Daktari anavaa miwani, na kile kijiti cha miwani kinaacha upenyo kelele zinapitia hapo, kwa hiyo uangalie sifongo ya hedseti inayoziba sikio. Kwamba maiki ikae karibu na mdomo kabisa, si kidevuni kama ndevu. Kwamba angani mtu anakaa saa tatu, ikibana sana atatua na kichwa cha yai. Na kubwa kuliko yote: betri ikikufia huko juu, je, bado utamsikia wa chini? Hapo ndipo utajua ya kuaminika na ya maringo.

Nikamwambia hayo nilikuwa nayajua kabla hajazaliwa. Alipoondoka nikayaandika yote kwenye kiganja.

Jioni nikavaa ile nyeusi nyumbani, niijaribu na mke wangu. Kaongea. Nikaona mdomo tu unakwenda. Nikamwonyesha dole gumba. Kaja, kanivua kichwani kwa mikono miwili, kanishika mashavu, akasema polepole usoni kwangu: Baba Watoto, hiki kidude hakina kazi hapa, miaka sita sasa naongea na mgongo wako.

Uchokozi! Nimekula bila kumwangalia. Tena chumvi ilizidi na sikusema.

Alhamisi, 12 Juni

Karani kanishtua. Kesho Mwenyekiti hatasikiliza ripoti tu. Daktari atakuja na ndege, kwa hedseti ya kuazima kwa rubani mwenzake, na mimi nitasimama kwenye nguzo yangu mbele ya watu wote. Nikipuliza filimbi kabla ndege haijaonekana, nabaki. La sivyo, asante mzee, kapumzike.

Kapumzike! Kwani nimechoka? Nikipumzika nitakaa wapi? Kwa kinyozi mchana kutwa, nimsikilize akisimulia vibaya?

Sina wasiwasi. Ila nitamchukua Meneja. Yule mbwa huinua masikio ndege ikiwa bado haionekani. Mimi humtazama kwa uhakiki tu, kama vile mkubwa anavyopitia kazi ya karani. Shida ya Meneja ni kwamba amepata mchumba upande wa mashine ya kusaga na siku hizi kazini anakuja akijisikia. Nimekwenda kumtoa kwa shemeji. Kaninyooshea ufagio kutoka mbali.

Nimemfunga kamba nyumbani. Nimempa mifupa ya kutosha ili anipende. Mifupa mingi. Ndoo nzima.

Ijumaa, 13 Juni

Siku mbaya! Mbwa msaliti!

Saa nne kamili. Mwenyekiti na koti lake. Karani. Spana kaegemea pipa la mafuta. Ng'ombe kule kwenye nyasi kama kawaida. Mimi kwenye nguzo, filimbi mdomoni, jicho kwa Meneja. Meneja amelala. Ameshiba ndoo nzima ya mifupa! Nikamgusa na kiatu. Kajigeuza upande wa pili, kakoroma, mguu wa nyuma unacheza. Bila shaka anamwota yule mchumba.

Nikabaki namtazama masikio. Masikio yako kama nguo kwenye kamba siku isiyo na upepo. Nikahisi kivuli kinapita kichwani kwangu. Nikainua macho. Tumbo la ndege! Daktari alishapita, anazunguka mara ya pili. Ng'ombe walishaondoka wenyewe, kwa mpangilio, fahali mbele.

Mwenyekiti kanyoosha mkono tu, kiganja juu. Anataka filimbi.

Nikasema kwanza ripoti! Nikajitetea kama wakili. Nikasema nimezijaribu kwenye mashine ya kusaga, zote tatu zimeua kelele. Nikayataja ya miwani, ya maiki, ya betri, nikisoma kiganjani. Spana kaniacha niendelee, ingawa ya kwake nayasema mimi. Nikaona ajabu. Kisha kaja, kainamia makatoni, kanyanyua vijifuko vitatu vya plastiki kutoka chini kabisa. Betri. Mpya, hazijafunguliwa. Akauliza kwa upole, mzee wetu, hizi kelele uliziuaje bila betri?

Hakucheka. Bora angecheka! Karani kaangalia viatu vyake. Wote wakajua ule ukimya ulitoka wapi.

Daktari alikuwa ameshatua na kusikia hayo. Kanishika mkono, kasema shikamoo mzee, panda. Kaniketisha kiti cha kulia. Miaka thelathini na moja, na kiti kile nakijua kwa kukifuta vumbi. Katia betri kwenye ile nyeusi, kanivalisha, kawasha injini, kageuza kijigurudumu cha sauti mpaka mwisho. Mara nikasikia mtu anapumua ndani ya kichwa changu! Ni yeye. Akasema, mzee, unanipata? Kila neno. Kila neno limenyooka, kama zamani.

Mwenyekiti alikuwa nje na redio ya mkono ili ajaribu na yeye. Kasahau kidole kwenye kitufe. Nikamsikia Spana akimwambia: Mwenyekiti, yale masikio tumeyala sisi. Miaka yote mzee anasimama karibu na panga la injini na pamba masikioni, sisi wote tumevaa vya kichwani, na hakuna aliyewahi kumletea hata kimoja. Ukichukua filimbi yake, chukua na spana zangu.

Kunitetea! Mimi! Spana! Sijawahi kutukanwa hivi.

Mwenyekiti alipokiachia kitufe, nikashika maiki, nikaisogeza mdomoni kabisa, nikamwambia spana zake abaki nazo, maana hata hizo hajajua kuzishika. Wote watatu wakageuka kuitazama ndege. Midomo wazi! Injini inanguruma, na Sikio kawasikia!

Baada ya hapo kazi ilikuwa nyepesi. Daktari akaongea huku akichomoa betri. Kwenye nyeusi sauti yake ilididimia kama ametumbukia kisimani, sikupata kitu. Ile nyembamba ilianguka. Ya kijani, ile nzito inayobana, betri imetoka na nikamsikia mpaka mwisho akinihesabia meno ya juu na ya chini. Nikasema ni hii. Kama mimi naisikia bila betri, mwenye masikio yake hatakosa. Spana kalegeza kile chuma cha juu ili isimbane Daktari na miwani. Nilikuwa karibu kusema hivyo.

Daktari kachukua ya kijani. Mwenyekiti kasema klabu inaagiza nyingine kama hiyo, yangu, ya kuchomeka kwenye redio ya mkono. Kila rubani ataniita kabla ya kufika. Kanyoosha mkono tena. Nikarudi nyuma. Kumbe ananipa mkono tu.

Filimbi ninayo.

Jumapili, 15 Juni

Kwa kinyozi nimesimulia vizuri, wote kimya. Nadhani walikuwa kimya. Nimewaeleza jinsi nilivyoficha betri kwa makusudi ili kumpima Spana kama yuko makini. Nimemwambia Spana mwenyewe, kafaulu. Kasema asante, babu, akacheka mpaka kinyozi akamkata.

Mke wangu anauliza kama ile redio inafika mpaka jikoni. Nimemwambia hapana.

Habari njema: macho ya Mwenyekiti yameanza kumsumbua, anatafuta miwani ya kurukia. Nimemwambia aniachie mimi, muuzaji alete tatu, nitazijaribu kwenye daftari hili. Kwa kweli maandishi yake siku hizi yamekuwa na ukungu, lakini hiyo ni kalamu. Meneja nimempunguzia mifupa.

Basi, kwa kuwa huku nyuma hakuna anayefungua, moja nililibuni. Daktari hakuzima injini ile Jumamosi. Ilikuwa inanguruma, na Meneja alikuwa kwa mchumba.

Kwa kinyozi itabaki imezimwa. Na kuanzia kesho ng'ombe ni ishirini.