Ndoo Iliyomzaa Bwana Povu

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeoneshwa filamu yangu. Si yangu tena.

Tulikaa wawili gizani, mimi na mwongozaji, kijana anayevaa miwani ya jua hata ndani ya nyumba. Nimempachika jina Miwani. Nikakaa mkao wa kula.

Tangu nianze kumchora Bwana Povu, shujaa wangu wa katuni, gazetini, kila msomaji anajua alivyopata nguvu zake. Anapita zake uchochoroni, kavaa shati jeupe la kuazima, anakwenda kuomba kazi. Mlango unafunguliwa, msichana anamwaga ndoo nzima ya maji ya kufulia bila kutazama. Kisha anatoka na taulo kumfuta. Tangu siku hiyo Bwana Povu hakamatiki, anawaponyoka majambazi kama kipande cha sabuni bafuni. Basi. Hakuna aliyekufa.

Katika filamu ya Miwani, kiwanda kinalipuka. Baba yake Povu anafia mikononi mwa mwanawe, akitoa wosia mrefu kuliko pumzi aliyobakiwa nayo. Anakuja msichana fulani, sijui wa nini, anamfuta Povu uso kwa taulo, anaondoka. Halafu Povu anavaa koti jeusi na hacheki mpaka mwisho. Wamemnyang'anya hata ubwana. Povu tu, kama kitu cha kupanguswa mezani.

Nikauliza msichana wa ndoo yuko wapi. Miwani akasema watazamaji wa siku hizi wanataka machungu, shujaa hawezi kuanzia kwenye maji machafu. Nikamjibu kuwa mimi nilianzia hapo hapo, na baba yangu yu hai, anakula kunishinda. Akatazama saa.

Povu atajijua. Ninayemwonea huruma ni mke wangu. Msichana wa ndoo ni yeye. Ndivyo tulivyokutana, nimeusimulia mtaa mzima mpaka umechoka. Jumamosi filamu inazinduliwa, na mama wa watu ameshashona gauni. Asubuhi kaniambia anangoja kwa hamu kujiona.

Nitamwambiaje? Simwambii. Nitatumia akili.

Jumanne, 4 Machi

Mpango wa kwanza: asiende. Wakati wa chai nikatupia neno kwamba lile jumba la sinema limejaa kunguni, watu wanatoka wamevimba. Mke wangu akatikisa kichwa kwa masikitiko.

Jioni karudi na kopo la dawa ya kupulizia. Kanunua mawili, moja la dada yake.

Huyo dada mtu ndiye shemeji yangu, jirani wa ukuta kwa ukuta, na donda langu la kila siku. Kila nikisimulia habari ya ndoo, anacheka. Si kicheko cha kawaida, ni cha kuinuka kwenda nje. Sijawahi kujua nimemkosea nini. Sasa na yeye anakuja Jumamosi, na wameshona sare. Akaniuliza kama kunguni hao wananijua kwa jina.

Jumatano, 5 Machi

Mpango wa pili: kumwonesha Miwani kwamba ndoo ina uzito wake. Maneno hayatoshi, lazima mtu aloe.

Nikajibanza nje ya ofisi yake na ndoo ya maji ya sabuni. Nikasikia kitasa. Nikamwaga.

Alikuwa mama yake, amemletea chakula.

Miwani akatoka mbio. Akavua miwani, mara ya kwanza naona macho yake, kumbe ni ya mtoto tu. Akachukua taulo akamfuta mama yake taratibu, akimpa pole, huku yule mama akimuuliza kwa nini hajamwamkia mzee aliyesimama na ndoo. Akaniamkia. Nikaitikia. Kisha mlinzi akanishika mkono mpaka getini.

Ndoo wamebaki nayo. Sijui kama Miwani ameelewa.

Ijumaa, 7 Machi

Jana nzima nimewaza. Mpango wa tatu hauna dosari: aende, ila achelewe. Akifika kiwanda kimeshalipuka, nitamwambia ndoo ilikuwa mwanzoni kabisa, nzuri ajabu, watu walisimama. Ataumia kidogo kwa kuikosa. Heri hiyo kuliko kuumia kwa kujua kwamba hayumo.

Jioni, wakati anaoga, nikairudisha nyuma saa ya ukutani saa nzima. Kiatu chake kimoja cha kesho nikakisukumia nyuma ya kabati.

Niliporudi chumbani nikamkuta amesimama na gauni lake mbele ya kioo, analipima mabegani, anajitabasamia. Moyo ukaniuma. Kidogo niseme. Nikasifia rangi.

Jumamosi, 8 Machi

Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Nilirudi kutoka kwa kinyozi nikakuta nyumba kimya. Nikatazama saa ya ukutani, nikaona muda bado upo tele. Nikapiga pasi. Nikanywa chai. Nilikuwa nafunga kamba za viatu ndipo nikakumbuka ile saa niliirudisha nyuma mimi mwenyewe.

Wao walishaondoka na shemeji zamani, kwa saa ya shemeji. Mke wangu kaenda na ndala.

Nikafika jasho linanitiririka, nikapapasa gizani, nikakanyaga watu, mpaka nikaona sare mbili. Kiwanda kilishalipuka. Mke wangu alikuwa analia. Nikajua yamenifika. Nikamshika mkono nikamwambia nisamehe, nimepigana nao wiki nzima, ndoo wameikataa.

Akaniambia ninyamaze. Akasema amejiona.

Nikadhani amechanganyikiwa. Akaninong'oneza kwamba yule msichana wa taulo ndiye yeye, wamemweka vizuri kabisa, hata namna ya kushika kidevu. Nikamkumbusha ndoo. Akasema ndoo hajaimwaga yeye maisha yake yote. Aliyemwaga ni dada yake. Yeye alisikia mtu anapiga kelele nje, akachukua taulo. Mimi nilikuwa nimefumba macho kwa sabuni. Nilipoyafumbua nikamkuta yeye, nikaamua ni yeye. Siku ya harusi nikasimulia hivyo mbele ya watu, uso unang'aa, akaona haya kunikatiza. Baadaye akaizoea. Akasema alipenda ninavyoisimulia.

Upande wa pili shemeji alikuwa amejiziba mdomo kwa pochi, mabega yanamtetemeka. Alipopata pumzi akasema maji yakimwagika hayazoleki, lakini ile ndoo anaidai.

Sikuona filamu iliyobaki. Nilikuwa nafikiri. Mke wangu hakuuachia mkono wangu hadi taa zilipowaka.

Jumapili, 9 Machi

Jambo zito hivi haliwezi kuachiwa maneno ya ndugu wawili waliovaa sare. Linataka ushahidi.

Nimevaa shati jeupe. Nimewaweka wote wawili nyuma ya mlango na ndoo, nikawaambia kila mtu afanye kama siku ile, mimi nitautazama mkono unaomwaga. Wakatazamana.

Nikapita uchochoroni, sina habari. Maji yakanikuta usoni, sabuni yote machoni, sikuona mkono wala mlango. Nilisikia kicheko cha shemeji karibu kabisa, na ndoo ikianguka miguuni pake. Kisha hatua za haraka. Kisha taulo.

Mke wangu akanifuta macho, akanishika kidevu akanifuta paji la uso, halafu nyuma ya masikio, ambako hata sikuwa nimelowa. Akaniuliza taratibu kama sasa nimeona. Nikamwambia nimeona. Akanibusu paji la uso, akaingia kupika.

Imethibitika. Kamwaga mke wangu, halafu akampa dada yake ndoo ashike. Kumbukumbu yake imeanza kuchoka, masikini. Nitamtunza.

Kesho nakwenda kwa Miwani. Filamu ya pili lazima ianze na ndoo, ionekane vizuri, ya bati. Nikifika nitamsalimu mama yake kwanza. Ili ndoo ipate nafasi, ile sehemu ya taulo waikate, inapoteza muda.

Naandika haya taulo likiwa bado shingoni. Limekauka zamani, ila sioni haraka ya kulitoa.