Shemeji Yuko Iringa

Jamani, leo nimeaibika mchana kweupe. Nimekuja hapa intaneti kafe moja kwa moja kutoka ukweni, hata jasho halijakauka.

Mnajua nimepeleka barua ya posa kwa kina Sabina, mchumba wangu, pale Milanzi, hapa hapa Sumbawanga. Baba yake akasema hajibu mpaka kaka mtu arudi kutoka masomoni China. Huyo kaka, Benedikto, sijawahi kumwona. Wiki iliyopita akapiga simu: Jumanne hii anapanda ndege Guangzhou, saa kumi jioni. Mama yao akataka kujua atafika lini hasa, maana pombe ya ulezi ya kumpokea ina siku yake. Ikiwahiwa ni uji, ikicheleweshwa ni siki.

"Si tunaye mwalimu wa jiografia?" akasema mzee.

Weee! Nikaja na atlasi, uzi na rula (na tai nilivaa, Mungu anisamehe). Guangzhou mpaka Dar, kilomita karibu elfu tisa. Kwa kupitia Dubai, saa kumi na sita. China wametutangulia saa tano, nikajumlisha tano. Kwa hiyo anatua Jumatano mchana, basi la alfajiri limeshaondoka, analala Dar, kesho yake analala Mbeya, Ijumaa jioni yuko Sumbawanga.

"Akichelewa sana, dakika ishirini," nikasema. Mama akapika pombe ya Ijumaa.

Leo Alhamisi, saa kumi jioni, nimekaa uani na mzee (macho yake hayaoni mbali). Mama na Sabina wako jikoni. Namwonyesha mzee safari nzima kwa chungwa na njiti ya kiberiti. Akaingia jamaa na begi, koti zito, vumbi mpaka kwenye kope. Akasimama anatabasamu tu. Nikajua amepotea njia.

"Subiri kidogo, ndugu, namalizia. Kwa hiyo baba, sasa hivi shemeji yuko Iringa, anakula chipsi."

Jamaa akalitazama chungwa. "Lakini kaka, ukitoka China kuja huku, si saa tano zinatolewa?"

Mpita njia! Mbele ya mkwe wangu! Nikamgeukia.

"Ndugu yangu, wewe umewahi kupanda ndege?"

"Nimeshuka jana alfajiri."

Mzee akaruka kwenye kiti. "Bene!" Mama akatoka jikoni mbio, analia na kupiga vigelegele kwa pamoja. Sabina akaniangalia mimi, akaziba mdomo kwa kanga, mabega yanatikisika. Pombe ikaonjwa: uji! Mtu katoka Guangzhou mpaka Sumbawanga, kapokelewa kwa chai ya rangi.

Nikajikaza wakati wa kuaga. "Baba, na ile barua yangu?"

"Tutaijibu kesho," akasema mzee. "Kesho ya kwenye kalenda, mwalimu. Siyo ya kwenye chungwa."

Naomba msicheke. Jumatatu Kidato cha Pili wana mtihani wa tofauti za saa, na aliyetunga maswali ni mimi.